Koyasan, Muroji au Eiheiji: hekalu lipi nimpeleke mama?

Mpemba_Osaka: Salaam wakuu. Mama anakuja Japani Novemba, anataka kuona hekalu la kale la Kibudha huko shamba, si Kyoto kwenye msongamano. Magoti yanamsumbua, na kwenye chakula hana mchezo, halali tu. Nishaurini.

TreniYaMwisho: Koyasan, ule mlima wa mahekalu, usijiulize. Treni ya Nankai kutoka Namba hapo Osaka hadi Gokurakubashi, kisha kebo inawapandisha mlimani, halafu basi. Mtawa Kukai alianzisha makao yale mwaka 816, na leo mahekalu zaidi ya 50 yanalaza wageni. Pale Okunoin kuna makaburi zaidi ya laki mbili chini ya mierezi mikubwa. Njia nzima ni kilomita 2, ila mkishuka kituo cha basi cha Okunoin-mae mnakata karibu nusu. Mbebee mama sweta zito, mlima una mita 800.

BiMwanakombo: Mwanangu, chakula cha watawa, ndicho wageni wanaolala hekaluni hupewa, hakina nyama wala samaki, hata vitunguu hawatii. Lakini usijiachie! Mchuzini huweza kuwamo sake au mirini, zote pombe. Uliza unapoweka nafasi, si sinia likishafika. Tofu yao ya ufuta ni laini kuliko faluda, inateleza kwenye vijiti mpaka unacheka. Na mlo huliwa chini kwenye mikeka ya tatami, kwa hiyo ombeni kiti mapema.

Chogo: Eiheiji mbona mnairuka? Mtawa Dogen aliianzisha 1244, na watawa bado wanafundwa pale.

TreniYaMwisho: @Chogo magoti, ndugu yangu! Majengo yameunganishwa kwa ngazi tupu. Na kutoka Osaka ubadilishe treni Tsuruga, ushuke Fukui, upande basi. Hiyo yako wewe.

MjaNara: Mimi Muroji, huku Nara. Pagoda yake, yaani mnara wa hekalu, wa orofa tano ina mita 16 tu. Kimbunga cha 1998 kiliiangushia mwerezi, wakaitengeneza. Koyasan ilipiga marufuku wanawake hadi 1872, Muroji ikiwapokea, ndiyo ikaitwa Koyasan ya wanawake. Ngazi zipo, sikatai. Ila pagoda mama ataiona hata akibaki chini yake, asiende kule juu kabisa.

Mpemba_Osaka: Hiyo ya wanawake nikimsimulia atataka kwenda! Basi Koyasan tulale, Muroji siku nyingine tukiwa Nara. Ibada ya watawa ya asubuhi ni lazima kwa wageni?

BiMwanakombo: Kwa kawaida si lazima. Huanza kama saa kumi na mbili, nyie mtakuwa mmeshaswali zamani. La muhimu mfike kabla ya saa kumi na moja jioni, chakula huwahi mno.