Naomba ushauri: chama cha Waladini wa Fassa kisimame peke yake au kiingie muungano?

Wakuu, naombeni maoni yenu kuhusu Union Autonomista Ladina, chama kidogo cha Waladini, jamii ndogo yenye lugha yake ya Kiladini, katika bonde la Fassa, mkoa wa Trento, Italia.

Bunge la mkoa lina viti 35, na kimoja kimetengewa manispaa za Fassa: Moena, Soraga, San Giovanni, Mazzin, Campitello na Canazei. Kiti ni kimoja tu, kwa hiyo orodha mbili za Waladini zikishindana, kura zinagawanyika na mmoja anatoka mikono mitupu. Hapo ndipo panauma.

Kusimama peke yake kunalinda sauti ya lugha. Lakini rais wa mkoa huchaguliwa moja kwa moja na sheria huupa muungano wake wingi wa viti, hivyo mjumbe mmoja aliye nje hana cha kujadiliana nacho. Kuomba kura kwa Waladini wa Badia, Gherdëina au Ampezzo hakusaidii, maana mabonde hayo yako mikoa mingine, Bolzano na Belluno.

Mnaojua siasa za jamii ndogo: masharti gani yaandikwe kabla ya kujiunga? Mimi ningeanza na shule za Kiladini na bajeti ya Comun General de Fascia, yaani serikali ya pamoja ya manispaa za bonde hilo. Kipi kitangulie?