Mwanangu ana Down sindromu, anatoroka nje kila saa

Mama Junior: Jamani naombeni msaada, mwanangu ana miaka 4, ana Down sindromu (hali ya kuzaliwa nayo, anachelewa kukua na kujifunza), akiona mlango wazi tu huyo mbio barabarani, nikimwita anadhani tunacheza anacheka anazidi kukimbia, roho yangu haitulii kabisa.

Mama Pacha: Pole mwaya. Weka komeo juu asipofikia. Wa kwangu nilimfundisha "simama" na ishara ya mkono kila siku, neno lilelile nyumba nzima, ilichukua miezi ila kashika, watoto hawa wanaelewa zaidi wakiona kuliko kusikia tu.

Baba K: Linda shingo yake pia mama, viungo vya watoto wenye Down sindromu vimelegea, hata vya shingo, asibiringike kichwa chini wala kuruka trampolini kabla ya kuongea na daktari. Akibadilika ghafla anavyotembea, hospitali siku hiyohiyo.

Mama Junior: Asanteni, komeo nafunga leo.