Naomba ushauri: chuo cha kusomea uchumi pamoja na hisabati

Habari zenu wakuu. Nimemaliza sekondari, hisabati ndiyo somo ninalolipenda kuliko yote, na nataka kusoma uchumi wenye hisabati ya kutosha. Nia yangu ni kuendelea hadi uzamili.

Nimebaki na vyuo viwili. Cha kwanza kina jina kubwa, lakini nilipoupekua mtaala wake nikakuta hisabati ni ya mihula miwili tu mwaka wa kwanza, baada ya hapo ni maelezo na michoro. Cha pili hakivumi, ila wanafunzi wake wanasoma aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano, takwimu na hata namna ya kuthibitisha kanuni za kalkulasi, kisha ekonometria (kupima mambo ya uchumi kwa takwimu) mwaka wa tatu. Ada zinakaribiana, hapo sina shida.

Nimeviandikia vyote. Kimoja kikanitumia kipeperushi chenye picha za bustani, basi. Ndugu yangu mhasibu anasema jina la chuo ndilo litakalonipa kazi. Mimi nikikumbuka kwamba John Nash, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 1994, alikuwa mwanahisabati, nasita.

Kwa mliopita njia hii: wanaopokea maombi ya uzamili hutazama zaidi jina la chuo, au kozi za hisabati na alama zake? Na nikichagua chenye jina, inawezekana kweli kuziba pengo kwa kozi za ziada kutoka idara ya hisabati, au ratiba hugongana?