Muuguzi wa kiwandani: asomee afya kazini, au cheti cha kawaida kinatosha?

Wadau, naleta hoja. Kuna wanaosema muuguzi yeyote aliyesajiliwa anatosha kusimamia kliniki ya kiwanda, mgodi au shamba kubwa. Mwongezee semina ya siku mbili tatu, kazi iendelee. Wengine tunasema nafasi hii isomewe kama unavyosomewa ukunga. Mimi niko upande huu wa pili, tena bila kusitasita.

Chukueni kipimo cha usikivu. Kubonyeza mashine si kazi. Kazi ni kujua kwamba kelele huanza kuharibu masikio kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, wakati mfanyakazi bado anasikia mazungumzo vizuri na anaapa kwamba hana tatizo lolote. Aliyefundishwa anaiona grafu imebonyea mahali pale pale, anashtuka. Anajua pia kwamba kipimo cha kwanza hapimwi mtu aliyetoka zamu sasa hivi: awe amekaa mbali na kelele saa 14 hivi, la sivyo uchovu wa masikio utaharibu majibu. Asiyejua haya atajaza faili namba zisizomsaidia mtu, na usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.

Vumbi la silika, lile litokalo kwenye mwamba unapotobolewa, ni baya zaidi. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, haina dawa ya kuiponya, na humzidishia mtu hatari ya kifua kikuu. Mchimbaji anakuja anakohoa, anapimwa kifua kikuu, anatibiwa, kisha anarudishwa kwenye vumbi lile lile kwa sababu hakuna aliyemuuliza anatoboa mwamba gani na kama wanaumwagia maji ili vumbi lisiruke. Mwaka 1700 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini aliwahimiza matabibu wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani. Bado tunabishana kama swali hilo lina haja ya kufundishwa!

Wapinzani wetu wanasema wauguzi hawatoshi wodini, sasa mnawahamishia viwandani? Hoja hii ni nzito na siibezi. Lakini muuguzi wa kiwandani yupo tayari huko, anagawa dawa za maumivu na kufunga vidonda. Hatumtoi wodini, tunamwongezea ujuzi pale alipo: nadharia asome huku akiendelea na kazi, vitendo afanye chini ya msimamizi mwenye uzoefu. Gharama abebe mwajiri, maana hatari ni ya shughuli yake.

Kinachonigusa kuliko vyote ni siri ya mfanyakazi. Meneja anaingia kliniki, anauliza fulani anaumwa nini hasa. Jibu analostahili ni moja kati ya haya: anafaa kwa kazi, anafaa kwa masharti fulani, au hafai kwa sasa. Ugonjwa wenyewe unabaki kwenye faili. Mkataba Namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unataka watoa huduma za afya kazini wawe huru kabisa kitaaluma mbele ya mwajiri na hata mbele ya wafanyakazi. Kumjibu hivyo mtu anayekusainia mshahara kunahitaji mazoezi, na kunahitaji sheria itakayokulinda usifukuzwe kesho yake. Hapo nakubaliana na wanaosema mafunzo peke yake hayatoshi. Mafunzo na ulinzi viende pamoja.

Sasa ninyi mnaotetea semina, naomba mnijibu hili kwanza: kwenye semina zenu, muuguzi anatolewa kliniki akapelekwa kwenye mashine, akasimama na wafanyakazi zamu nzima, akaona wanachovuta na wanachoshika? Kama ndiyo, tuelezeni inavyofanyika. Kama hapana, anajifunzia wapi kazi ya kuzuia ugonjwa kabla haujamfikia mezani?