Mtoto wa miaka 6 akulie Arusha kwangu au Moshi kwa mama yake? Nimekwama wakuu

Kivuli cha Mringa (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Naombeni msinitukane maana nina mawazo hadi usingizi umekata. Mimi ni dereva wa wageni hapa Arusha, nimepanga vyumba viwili Kwa Mrombo. Mimi na mzazi mwenzangu tuliachana mwaka jana mwezi wa 9, hatukufikishana popote, alibeba vitu vyake na mtoto akarudi Moshi, kapanga chumba Pasua na ana genge la mboga, jioni anakaanga mihogo. Binti yetu ana miaka 6 na Januari anaingia darasa la kwanza, sasa lazima ijulikane anasoma wapi.

Kwa Arusha naona shule ziko karibu na kwangu, hali ya hewa nzuri na mimi kipato ninacho japo ni cha msimu. Moshi joto kali, chumba kimoja, mama anarudi gengeni saa 3 usiku na mtoto amelala kwenye benchi. Swali langu ni hilo tu, Arusha au Moshi. Karibuni kwa mawazo yenye kujenga.

Mama Sanawari
Pole baba. Ila dereva wa wageni unaondoka siku 7 siku 10, mtoto unamwachia nani? Hapo ndipo pa kuanzia, joto la Moshi halijawahi kuua mtoto wa mtu.

Mzee wa Uru
Kijana, swali lako lina kasoro tangu mwanzo. Mtoto hakui Arusha wala Moshi, mtoto anakua mikononi mwa baba na mama. Mmekaa na wazee mkaambiwa haiwezekani? Sisi tuliwahi kugombana na mama yenu hapa miezi 8 mtu haongei na mtu, chakula analetewa mtoto anipe, mwisho wa siku shemeji yangu akaja na kibuyu cha mbege tukakaa chini ya mgomba mpaka jua likazama. Leo tuna wajukuu 11. Mrudie mkeo.

Chaga Damu
Arusha baridi, Moshi joto, mnunulie mtoto sweta na feni mkae kwa zamu 😂

Kivuli cha Mringa
Mama Sanawari nyumbani watu wapo, mtoto hawezi kukosa mwangalizi.
Mzee shikamoo. Kurudiana haiwezekani, mwenzangu ana mtu wake sasa hivi.

Mama Sanawari
"Watu wapo" ndiyo akina nani? Dada wa kazi? Dada yako? Hapo ndipo panatakiwa majina.

Mlango Wazi
Mpeleke bweni tu mkuu, mambo yaishe, likizo mnagawana nusu kwa nusu. Dogo wa kaka yangu alianza bweni akiwa chekechea na sasa hivi anaongea kingereza kama mzungu.

Dada Ustawi
Mlango Wazi usimpotoshe mwenzio. Mwaka 2023 wizara ilitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne. Mtoto wa miaka 6 bado anahitaji mtu wa kumfunga kamba za viatu na kumsikiliza usiku akiota vibaya.

Mleta mada, jibu alichouliza Mama Sanawari. Na mimi naongeza moja, kwa sasa hivi ninavyoandika hapa mtoto yuko wapi?

Kivuli cha Mringa
Yuko salama.

Dada Ustawi
Sijauliza kama yuko salama, nimeuliza yuko wapi.

Binti Kibosho
Huu uzi umenigusa pabaya jamani niacheni niseme. Wazazi wangu waliachana nikiwa na miaka 5, baba akabaki Arusha, mama akaenda Dar kutafuta maisha, wakabishana weee nani anichukue mwisho wakaniweka kwa bibi Kibosho "kwa muda". Muda wenyewe ulikuwa miaka 9. Bibi alinipenda sijawahi kuona mfano wake, mtori asubuhi, maziwa jioni, nikiumwa anakesha ameniwekea mkono kifuani, yule mwanamke sina la kumlaumu mpaka naingia kaburini.

Ila Desemba. Mnajua Desemba kwetu magari yanavyopanda, kila nyumba wanapokea wageni wao. Mimi nilikuwa navaa viatu na soksi toka asubuhi nakaa juu ya jiwe pale njia inapokata kwenda kwetu, nikawa najua gari linakuja hata halijaonekana, hii Hiace, hii Noah, hii pikapu ya mwalimu. Mwaka niliokuwa na miaka 8 mama akaja siku ya tatu baada ya Krismasi, kaniletea gauni zuri la njano lenye mkanda kwa nyuma. Lilikuwa la mtoto wa miaka 4. Halikupita hata kichwani. Alilishika lile gauni akalia hapo hapo uani na mimi nikawa nambembeleza namwambia litanitosha mama, litanitosha.

Sisemi wazazi wangu walikuwa wabaya. Nasema walikuwa na picha yangu ya siku waliyoniacha na hawakupata mpya. Kwa hiyo mleta mada Arusha au Moshi mimi sijui, ila akae kwa yule anayejua namba ya kiatu chake.

Mama Sanawari
Binti Kibosho umeniliza mdogo wangu. Njoo nikukumbatie.

Gia ya Pili
Mimi nina swali na mnisamehe kama nitaharibu uzi. Mleta mada, kwenye ule uzi wa bei za dizeli mwezi uliopita ulisema upo mjini toka Pasaka hujapata safari hata moja. Juzi kwenye uzi wa malezi ukasema "toka Aprili nipo porini mfululizo ndiyo maana mwanangu sijamrudisha kwa mama yake". Mimi pia ni dereva, miaka 14 nashuka kreta. Aprili na Mei ni masika, kambi nyingi Serengeti zinafungwa, barabara ni tope tupu, madereva tunashinda mjini tunafanya sevisi na kuhesabu madeni. Ulikuwa unampeleka nani huko porini? Wakuu hii ni chai, watu wanatunga visa wapate wachangiaji.

Chaga Damu
Eeeh imevuja! Chai ya tangawizi hii. Lete vitafunwa.

Mlango Wazi
Kumbe. Na mimi nimeacha kazi zangu kumshauri mtu hewa. Modi ufungwe huu uzi.

Binti Kibosho
Na mimi nimemwaga maisha yangu hapa jamani.

Dada Ustawi
Msifunge. Gia ya Pili umeona vizuri lakini nahisi hujamaliza kusoma ulichokiona. Mtu akitunga kisa huwa anatengeneza uongo wa kutuambia sisi. Huyu nadhani uongo wake alishauzoea kwa mtu mwingine ukamtoka na humu. Kivuli, hayo ya porini ulimwambia mama mtoto?

Kivuli cha Mringa
Dah.

Sawa ngoja niseme ukweli maana nimebaki nalo mwenyewe. Sikuwa porini. Pasaka nilimchukua mtoto kwa makubaliano akae na mimi wiki moja. Nikapata taarifa kuna mwanaume anakaribia kuhamia pale Pasua, damu ikachemka, nikasema mwanangu halelewi na baba wa kambo nikiwa hai. Nikampandisha Rombo kwa mama yangu. Yuko huko mwezi wa tatu sasa. Mama yake anajua mtoto yuko Arusha na mimi nikitoka porini nitamrudisha.

Kabla hamjanishambulia nisikilizeni. Bibi anamlea vizuri, kanenepa, nimeshamnunulia na yunifomu ya shule ya huko. Mwezi wa 10 anatimiza miaka 7 na kila mtu anajua sheria ya Tanzania mtoto akifika miaka 7 ni wa baba. Nilikuwa nasubiri tu hiyo miezi minne ipite ndiyo niongee naye kwa amani. Sioni kosa la baba kulinda mtoto wake.

Mama Sanawari
Umemficha mtoto miezi mitatu halafu umekuja kutuuliza hali ya hewa.

Mzee wa Uru
Kijana, huyo mama anaongeaje na mtoto wake siku zote hizo?

Kivuli cha Mringa
Kwa simu mzee, kila Jumapili. Nilimwambia binti mama akiuliza uko wapi sema Kwa Mrombo. Si uongo mkubwa, yeye mwenyewe anaona yuko Rombo anajua ndiyo huko. Ila Jumapili iliyopita mama yake akasikia bibi anaita mtu kwa Kirombo huko nyuma, akaniuliza bibi yuko Arusha? Nikasema ndiyo amekuja kutibiwa. Toka siku hiyo hajanipigia, na sijui anapanga nini, ndiyo usingizi ukakata.

Gia ya Pili
Mkuu naondoa neno langu la chai. Samahani. Bora ingekuwa chai.

Dada Ustawi
Hiyo ya miaka 7 naisikia ofisini kila wiki na inaumiza watu. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 125 inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi. Hakuna mahali imeandikwa akizima mishumaa ya 7 anahamishiwa kwa baba kama gunia la mahindi. Mahakama inaangalia kwanza ustawi wa mtoto, inasikia wazazi wanataka nini, mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza anasikilizwa. Na kifungu hicho hicho kinataka hakimu aangalie madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Wewe umemtoa Pasua, ukampitisha Arusha, ukampandisha Rombo, unataka tena umshushe Arusha. Unajitengenezea kesi mwenyewe kaka yangu. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu anayemlea kihalali, siku akienda polisi hilo neno "baba yake" halitakusaidia unavyodhani.

Kama una hofu ya kweli na huyo mwanaume, au na hilo la mtoto kulala gengeni, hiyo ni hoja nzuri kabisa na ina mahali pake. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii halmashauri, mnaitwa wote wawili, mnaandikishana mtoto anakaa wapi, wewe unamwona siku zipi, matunzo kiasi gani. Mkishindwana hapo ndiyo mahakamani. Baba wengi wanapewa haki zao, lakini wanaenda mlango wa mbele.

Kivuli cha Mringa
Sasa nikimrudisha si ndiyo nimempoteza? Atamficha na yeye.

Gia ya Pili
Mimi niliachana na mama watoto 2019 wako Boma Ng'ombe. Nikirudi safari kabla sijalala nawasha gari naenda nakula nao ugali narudi. Kuna kipindi alinizuia miezi miwili, nikaenda ustawi, tukaandikishana, nina karatasi. Mume wake nilikuwa simtaki hata kumsikia, siku moja nikakuta ndiye anamsahihisha mwanangu hesabu mezani. Niliumia aisee sitadanganya. Lakini mtoto alikuwa anacheka. Arusha Moshi ni kilomita 80, wewe una leseni na una gari la kuazima, watu wana watoto Mwanza.

Binti Kibosho
Kaka usimwache kwa bibi aanze kujifunza sauti za magari. Na hicho cha kumfundisha aseme Kwa Mrombo, anajua. Watoto tunajuaga. Mimi nilikuwa najua "mama yuko kazini" maana yake nini.

Mzee wa Uru
Mpigie mama mtoto leo leo kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Usianze na kujitetea, anza na mahali mtoto alipo.

Kivuli cha Mringa
Nimewasoma wote. Naomba msiandike kwanza.

Mama Sanawari
Siku mbili kimya. Mleta mada vipi huko?

Kivuli cha Mringa
Nilimpigia usiku ule. Alikaa kimya nikadhani simu imekata, halafu akasema alikuwa ameshajua, alimpigia bibi mwenyewe na bibi alishindwa kumdanganya. Alikuwa ananisubiri niseme mimi. Ametaka mtoto afike leo, na Jumatatu tunaenda ustawi Moshi wote wawili. Kuhusu huyo mwanaume kasema tutaongea huko huko. Mimi bado msimamo wangu ni aje asome Arusha na nitausema, siwafichi.

Nimetoka na binti Rombo asubuhi. Bibi kamfungia ndizi na parachichi kwenye kitenge na yunifomu mpya kaikunja juu kabisa. Tumeshuka Mwika hajasema neno, kashika mfuko wake tu. Tulivyokaribia Himo ndiyo akaniuliza, baba, mama yuko Kwa Mrombo ipi?

Nimemwambia mama yuko Moshi. Tuko Himo hapa, gari linapakia.

Gia ya Pili
Barabara ya hapo kwenda Moshi ina tochi nyingi, mwambie dereva apunguze. Ukifika andika.