Nataka kutengeneza muvi ya Dr Jekyll and Mr Hyde kwa milioni 3, inawezekana au naota?

mwanaPangani_vidio:
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, najua wa kunicheka hawatakosekana ila na wenye ujuzi watapita tu.

Tuko wanne hapa Tanga, kazi yetu ni harusi na sendofu, tuna kamera mbili na laptop moja ambayo ikianza kurenda inahema hadi jirani anasikia. Tunataka kutoa muvi yetu ya kwanza ya kutisha, dakika 40 au 50 hivi, tupandishe YouTube na Mungu akijalia tuitume ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar. Pesa iliyopo ni milioni 3, na humo kuna mchango wa shangazi yangu ambaye ameambiwa ni muvi ya mapenzi.

Tumechagua Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde cha Robert Louis Stevenson, cha 1886, ni yule yule wa Kisiwa chenye Hazina ambacho wazee mlikisoma. Kwa ufupi kuna daktari wa heshima zake London, anaitwa Jekyll, na kuna katili mmoja anaitwa Hyde anaingia na kutoka nyumbani kwake, mwisho inajulikana kumbe ni mtu mmoja, daktari anakunywa dawa anageuka. Sisi tunaihamishia Pangani mjini, daktari wetu ana zahanati na ni mtu wa swala tano.

Sasa ruhusa ya kitabu tunaomba kwa nani? Na ile sini ya kugeuka tunaifanyaje maana hatuna mtu wa grafiksi? Posta tayari, uso wa muigizaji tumeugawa katikati, nusu mtu mwema nusu shetani, nikipata bando nzuri nawawekea.

ChaiYaTangawizi:
Shangazi akija kwenye uzinduzi mtaomba poo 😂 nimekaa hapa nasubiri wataalam.

Wakili wa Barazani:
Mkuu, kwa kitabu huombi ruhusa kwa mtu yeyote. Stevenson alifia Samoa Desemba 1894, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mwandishi akiwa hai na miaka 50 baada ya kifo, kwaiyo hicho kilishakuwa mali ya umma zamani sana. Kipo bure mtandaoni kwenye maktaba ya Project Gutenberg, ni kifupi, unakimaliza ndani ya safari ya basi ya Tanga kwenda Dar. Ukikutana na tafsiri ya Kiswahili usichukue sentensi zake, mtafsiri naye ana haki yake, ingia kwenye Kiingereza chenyewe.

Kuwa makini na hili: kitabu ni huru, ila muvi zilizotokana nacho ni kesi nyingine. Yule mchumba wa daktari na yule mwanamke wa baa mnaowaona kwenye muvi ya Jekyll na Hyde ya 1931 hawamo kwenye kitabu, vitu hivyo viliongezwa, na kilichobuniwa na muvi kinaweza kuwa na mwenyewe. Msijidanganye kwamba mkibadilisha majina mmepona. Wajerumani walikichukua kitabu cha Dracula cha Bram Stoker bila ruhusa, 1922 wakatoa muvi ya Nosferatu, wakabadili majina yote, mjane wa Stoker akawashtaki hivyo hivyo, na 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Tunaiona leo kwa sababu baadhi zilikuwa zimeshatawanyika.

Vibali sasa. Nendeni Bodi ya Filamu na skripti kabla hamjawasha kamera, sio baada. Kazi ikikamilika mkaisajili COSOTA, wale wa hakimiliki. Na mkipata wazo la kuvuka kwenda Unguja kupiga Mji Mkongwe, kule wana baraza lao la mambo ya filamu, kibali cha Bara msikitegemee.

Kichwa_Ngumu:
Mimi sielewi, mwenye popobawa anaenda kuazima mzungu? Pwani nzima ina majini, ina watu wanaotembea usiku, nyie mnamtafuta daktari wa London. Dairekta Mussa Banzi alitoa muvi za Nsyuka na Shumileta kwa mambo ya hapa hapa na watu walikuwa wanalala taa zinawaka.

BintiMakorora:
@Kichwa_Ngumu hoja unayo ila sikiliza upande wa pili. Huko kwao hiki kitabu kimeshaharibiwa utamu, kila mtu anajua kabla hajafungua ukurasa wa kwanza kwamba Jekyll na Hyde ni mtu mmoja, hadi imekuwa msemo. Wakati kinatoka 1886 msomaji alikuwa hajui! Stevenson amekiandika kama stori ya upelelezi, unamfuata wakili anaitwa Utterson, anahangaika na wosia wa rafiki yake unaomwachia Hyde kila kitu, unajua tu kuna jambo baya, na siri inafunguka mwishoni kabisa kwenye barua mbili. Muvi karibu zote za wazungu haziwezi tena kukuficha hilo, ndio maana zinakimbilia mekapu. Mtazamaji wa Pangani na Muheza wengi wao hawajui. Huo ndio mtaji wako kaka, unazidi hiyo milioni 3.

Kwaiyo kwanza UFUTE hiyo stori hapo juu, umeshatuharibia sote. Pili chana posta. Uso nusu kwa nusu maana yake umetoa jibu kabla mtu hajalipia bando. Weka mlango tu.

Mlango kwa sababu kitabu kinaanzia mlangoni. Nyumba ya Jekyll mbele ni ya kitajiri, nyuma kuna mlango mbovu unaotokea mtaa wa pili, rangi imebabuka, hauna kengele wala cha kubishia, na mtu hajui kwamba huo mlango na ile nyumba ya mbele ni kitu kimoja. Sasa niambie, Pangani zile nyumba za zamani zenye baraza mbele na mlango wa uani unaotokea kichochoroni ziko ngapi? Lokesheni mnayo bure.

Na huo wosia msiuruke. Daktari wenu ni Muislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali bila ridhaa ya warithi, kwaiyo Utterson wenu awe mtu wa mirathi anayeletewa karatasi ya ajabu, kila kitu kwa kijana asiyejulikana ukoo wake. Mji mzima utasema ni mtoto wa nje. Acheni waseme hivyo nusu saa nzima, na watazamaji waamini hivyo.

mtoto_wa_taa:
Dada amemaliza upande wa stori, mimi nije kwenye kugeuka. Kwanza kwenye kitabu Hyde ni MDOGO kuliko Jekyll, ni kijana zaidi na nguo za daktari zinamning'inia. Kwaiyo hamhitaji sura ya mpira wala meno ya bandia, mnahitaji kanzu saizi mbili kubwa na muigizaji anayejua kukunja mwili. Muigizaji John Barrymore kwenye muvi ya 1920 sehemu ya kwanza ya kugeuka aliifanya kwa kukunja uso tu.

Pili kuna ujanja wa ile muvi ya 1931 ambao dairekta Rouben Mamoulian aliuficha miaka mingi. Muigizaji wake Fredric March anageuka mbele ya kamera bila kukata, sura inabadilika unaiona. Walimpaka mekapu ya rangi, halafu mpiga picha Karl Struss akawa anabadilisha filta za rangi mbele ya lensi. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe kwaiyo mtazamaji haoni rangi ikibadilika, anaona mistari inatokea usoni. Chini ya mwanga mwekundu mekapu nyekundu inapotea, ukiondoa wekundu inajitokeza nyeusi.

Nyie mnaweza kufanya hivyo kwa taa mbili za LED za kubadili rangi, ila msiige kichwa kichwa, ile ilikuwa ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu nyeusi geuzeni mpango. Chora mistari kwa nyekundu inayong'aa, washa taa ya bluu au kijani tupu, hapo nyekundu inakuwa giza inamezwa na ngozi na daktari anaonekana kawaida. Halafu punguza bluu pole pole huku unapandisha nyekundu, ile mistari itatokea myeupe kama makovu. Taa nyingine zote zizimwe, funga white balance (ile setingi ya kusawazisha rangi) na mwanga kwa mkono, maana ukiacha kwenye otomatiki kamera itakupinga katikati ya shoti, kisha mkiwa mnaedit ondoeni rangi. Jaribuni vivuli tofauti vya nyekundu, lipstiki za dukani zinatosha kuanzia. Hii inamaanisha muvi nzima iwe nyeusi na nyeupe, jambo ambalo mimi ningelifanya hata bila huo ujanja, linaficha ubovu wa kuta na mataa ya bei rahisi.

Kichwa_Ngumu:
Hapo kwenye mtoto wa nje nimeelewa. Nabaki na msimamo wangu ila nitaitazama.

mwanaPangani_vidio:
Aisee shukrani sana wakuu. Kuhariri posti ya kwanza inagoma, naomba modereta anisaidie kufuta. Posta imeshakufa, nimemwambia mchoraji aende akachore mlango ameninunia. Sasa niulize la mwisho, hizo pesa nizimwage wapi, wenzangu wanataka tukodi kamera kubwa Dar.

mtoto_wa_taa:
Kamera ya harusi inatosha, usikodi. Weka pesa kwenye sauti na chakula, watu wenye njaa saa nane usiku hawaigizi. Nunueni maiki mbili za kubana kwenye nguo na moja ya fimbo, picha mbaya mtazamaji ataizoea, sauti mbaya anafunga anaenda zake. Kila chumba mkimaliza rekodini ukimya wake dakika nzima bila mtu kupumua, mtautumia kwenye kuedit. Pangani usiku ni kimya ila jenereta mkiliweka karibu mmekwisha, litafutieni uani kwa watu na waya mrefu. Friji ya mwenye nyumba izimeni mnaporekodi, na funguo ya pikipiki iwekeni humo humo ndani ya friji, mkitaka kuondoka mtakumbuka kuiwasha kabla samaki wa watu hawajaoza.