Mjadala: Mtoto wa miaka minne azoeshwe dawati au aachwe acheze?

Mleta hoja: Wapo wanaoshikilia kwamba mtoto akifika darasa la kwanza bila kujua kukaa kitako na kufuata maelekezo ameshachelewa, kwa hiyo chekechea imzoeshe dawati mapema. Hutegemea utafiti wa New Zealand uliofuatilia watoto wapatao 1,000 waliozaliwa Dunedin mwaka 1972 na 1973, ambapo waliojidhibiti vyema utotoni walikutwa na afya bora na nafuu ya fedha walipotimiza miaka 32. Matokeo hayo siyapingi. Ninachokataa ni dhana kwamba uwezo huo huja kwa kukalishwa.

Mchangiaji: Mimi nipo upande wa utaratibu, wala sioni haya kusema hivyo. Mtoto aliyezoea kupewa kila anachokililia atawasumbua wenzake darasani, na mlezi anayeogopa kusema "hapana" hamsaidii. Kusubiri hufundishwa kwa kusubirishwa.

Mleta hoja: Naam, lakini kusubiri humtegemea pia anayeahidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwaahidi watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano rangi na stika nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa, nusu wakaambiwa kwamba hazipo. Kisha kila mmoja aliwekewa pipi laini, akaelezwa kwamba akivumilia bila kuila ataongezewa ya pili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12, waliovunjiwa dakika 3. Huyo wa dakika 3 hakukosa adabu, alipiga hesabu zake sawasawa. (Nani kati yetu angemkopesha jioni mtu aliyemdhulumu asubuhi?)

Hata utaratibu anaoutaka ndugu yangu hupatikana mchezoni. Mwambie mtoto aguse vidole vya miguu kila unaposema "kichwa", na aguse kichwa unaposema "vidole", nawe utauona mkono ukianza kupanda, ukasita hewani, kisha ukashuka. Kule kusita ndiko kujidhibiti kwenyewe, na mtoto hukurudia mara ishirini huku akicheka.

Mchangiaji: Kuhusu ahadi nimekuelewa. Ila "hapana" nayo ni ahadi: mlezi akiitamka asubuhi na kuilegeza jioni kwa kuchoshwa na kilio, amevunja neno vilevile. Je, hilo nalo unalihesabu?